Mkamwana Asiyeinuka

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Kwa hiyo siku niliporudishiwa karatasi yangu ya mtihani wa majaribio, imechorwa wino mwekundu toka juu mpaka chini, na pembeni imeandikwa "Hakuna kitu hapa, rudia kusoma kitabu", nilisimama palepale darasani nikamwuliza mwalimu, "Hakuna kitu wapi? Kurasa nne zote hizi hazina kitu?"

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha kupanga, Tunduma mjini, nyuma ya maduka ya vipuri vya malori. Ndipo tulipokuwa tunasomea sisi watahiniwa wa kujitegemea: akina mama, mgambo mmoja, waendesha bodaboda, watu waliomaliza shule zamani na sasa wanatafuta cheti. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nilikuwa nafundisha watoto wadogo katika shule moja binafsi huko Mpemba, nafundisha vizuri tu, wazazi wananiheshimu, ila sikuwa na karatasi yoyote ya ualimu. Mkuu wa shule akanieleza bila kuzunguka: mwaka ukiisha, asiye na cheti wala barua ya kujiunga na chuo haingii tena darasani kwake. Chuo kilitaka masomo mawili ya kidato cha sita. Kiswahili nilishakifaulu. Kiingereza kilinigomea mara ya kwanza, na kilichoniangusha ni karatasi ya fasihi, hasa tamthilia. Nikianguka tena, ualimu wangu unaishia hapo, narudi kuuza viatu vya mtumba mpakani. Kuuza viatu najua sana. Nilikuwa sitaki tu.

Tamthilia tuliyokuwa tunasoma ilikuwa ya Kiingereza cha zamani, zile ambazo watu wanaishi kwenye jumba kubwa, wanakunywa chai kutwa, na hujui nani analima. Kitabu nilikinunua ng'ambo, Nakonde, kwa mama mmoja Mzambia anayeuza vitabu vilivyotumika. Tulisalimiana muli shani, tukavutana bei kidogo, nikaondoka nacho hakina jalada. Hadithi yake haina mambo mengi. Mjane kijana anaishi nyumbani kwa baba wa marehemu mumewe. Mzee anataka kumwoza kwa jirani mwenye ardhi ili mashamba yaungane. Mjane hataki. Wanazungumza, wanazunguka, wanagombana, na mwisho mjane anafunga sanduku lake anaondoka.

Swali la mtihani lilisema tuchague onyesho moja linalobeba mgogoro wa tamthilia nzima, tulieleze. Wenzangu wengi wakachagua onyesho la ugomvi, pale mzee anapopiga meza mpaka vikombe vinaanguka. Mimi nikachagua la mwanzoni kabisa, ambalo mwalimu hakuwahi hata kulitaja. Mjane amekaa sebuleni anashona. Baba mkwe anaingia. Mjane haondoki. Hata kuinuka hainuki! Wanaongea habari za mvua kurasa mbili, kisha mzee anatoka. Basi, ni hivyo tu. Lakini mimi nilipolisoma mara ya kwanza moyo ulinilipuka paa! Nikafunga kitabu, nikatazama mlangoni kama kuna mtu ameniona nikisoma mambo yale.

Inabidi nieleze. Mume wangu kwao ni Ibaba, kule milimani Ileje, ingawa wazazi wake walihamia Mpemba miaka mingi iliyopita, na tunaishi nao. Katika ukoo wao, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Sisemi hawataniani, nasema hawakutani. Mimi mke wa mtoto wake sikai naye chumba kimoja, simtazami usoni, sili mbele yake, simsemeshi, na yeye hanisemeshi. Akitaka kuingia uani anakohoa getini, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Nikimwona njiani naacha njia, nageuka upande, mpaka apite. Kwetu Wanamwanga heshima ya mkwe tunayo, ila si ya kufikia kukimbilia kwenye mahindi ya watu, na mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwambia mume wangu wazi kwamba haya mambo yenu sitayaweza. Nimeyaweza. Ni miaka saba sasa, na ukiniuliza uso wa mzee ukoje, nitakueleza mgongo wake na koti lake la kahawia.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwekea kitabini mwanamke aliyekaa kitini, baba mkwe wake amesimama mbele yake, na unamwambia mgogoro utafute kwingine? Thubutu. Niliandika kurasa nne kwamba mambo yote yaliharibikia hapo: baba mkwe kaingia bila kukohoa, mkamwana kabaki ameketi, heshima ya nyumba ikatoka siku ile na haikurudi tena.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, mpole, mcheshi, na siku ile alitaka kuchekesha. Akachukua karatasi yangu akaisoma kwa sauti. "Jamani, mwenzenu anasema kosa la huyu mama ni kukaa kwenye kiti!" Akasubiri watu wacheke. Nyuma walikuwa wamekaa akina mama wawili wa Ileje, na mmoja akamwuliza kwa upole kabisa, "Kwani mwalimu, wewe uliona ni sawa?" Hapo darasa ndipo lilipopasuka, kicheko mpaka nje, na mwalimu mwenyewe hajui anachekwa yeye au nani. Mimi sikucheka. Alama zangu zilikuwa zile ambazo mtu anaikunja karatasi mara nne kabla ya kuitia kwenye mkoba.

Nilifika nyumbani nimefura. Niliitupa karatasi juu ya benchi la jikoni nikamweleza mama mkwe yote, na yeye akanisikiliza huku akipepeta maharage. "Pole, mwanangu," akasema, "utasoma tena." Nilipotoka kuchota maji aliichukua ile karatasi, hajui hata neno moja la Kiingereza, akampelekea mzee.

Na hapa niseme kitu kilichokuwa kinaniuma kuliko kule kuanguka kwenyewe. Mzee alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Amefundisha tamthilia maisha yake yote, Mbozi na Ileje, mpaka akastaafu, na hadi leo watu wanatoka mbali kuja kumwuliza mambo ya vitabu. Mwalimu bora wa somo linalonitoa jasho alikuwa hatua kumi kutoka jikoni kwangu, na mimi siruhusiwi kumwuliza hata saa. Nilikuwa nalipa pesa mjini nikafundishwe na kijana, wakati kisima kiko uani kwetu na kimefunikwa.

Kesho yake alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba napukuchua mahindi, karibu na dirisha la chumba cha mzee. Mama mkwe akaja na kigoda chake, akakiweka chini ya dirisha, akaketi, akaniambia, "Usiondoke." Nilikuwa sijaelewa. Ndipo sauti ikatoka ndani, sauti ya mtu mzima aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho.

"Mama, mwambie huyo mwandishi wa kurasa nne kwamba alichokiona kipo."

Weee! Niliruka na ungo wangu, mahindi yakamwagika. Mama mkwe akanidaka kitenge. "Kaa chini. Anaongea na mimi, haongei na wewe. Kwani wewe umeitwa?"

Nikakaa.

"Mwambie kipo," mzee akaendelea, "ila hajakithibitisha. Ameandika kana kwamba msahihishaji ni mtu wa Ibaba."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, na utaratibu ukawa huo mpaka mwisho. Mama mkwe akikaa katikati, maneno yote ni yake. Mimi na mzee tunayasikia kwa bahati tu. Mzee anamwambia mkewe kutoka ndani ya dirisha, mimi namwambia mama yangu uani, na hakuna aliyevunja kitu. Mama mkwe mwanzoni alirudia kila neno kwa uaminifu, Kiingereza akikisema anavyokijua yeye. Wiki ya pili akachoka. "Jamani, mimi si simu! Mnasikiana, semeni." Lakini kuondoka haondoki, maana anajua akiondoka somo limekwisha.

Somo la kwanza kabisa mzee alilonipa lilikuwa hili. "Mwambie asikimbilie dhamira. Dhamira zimeandikwa kwenye notisi za kila mtu. Kwanza aniambie katika kila onyesho nani kaingia, nani katoka, na aliyebaki amebaki kwa sababu gani. Akijua hayo, dhamira itakuja yenyewe."

Nilitaka kucheka. Kuingia na kutoka? Mimi? Mtu ambaye kwa miaka saba naishi kwa kusikiliza milango, najua kwa kikohozi peke yake kama mzee anaingia kukaa au anapita kuchukua jembe, najua nitoke na sufuria au niiache? Mwanafunzi gani wa mjini atanishinda kwenye kuingia na kutoka? Hayupo. Tangu siku ile sikuliogopa tena lile somo, nasema kweli. Nilijua ni langu.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. "Mwambie apitie kitabu kizima, atafute kila mahali huyo mjane anapoinuka kwa ajili ya mtu." Kwenye tamthilia kuna yale maelekezo ya jukwaani, yameandikwa kwa herufi za kulala, wanafunzi wengi tunayaruka. Nilikaa nayo siku mbili na kalamu. Mjane anainuka jirani anapoingia. Anainuka mchungaji anapoingia. Anainuka hata kwa mpishi mzee aliyeleta barua. Kila anayeingia, mjane anainuka, isipokuwa mmoja tu.

Nilitoka jikoni mbio. "Mama! Mama mwambie ni yeye peke yake! Anawainukia wote, mpaka mpishi! Asiyeinukiwa ni baba mkwe tu!"

Ndani kukasikika kofi la mkono juu ya meza. "Aaah! Sasa mwambie aandike."

Tulibishana pia, msifikiri nilikaa kimya kama mtoto wa darasa la kwanza. Mzee alisema nisimhukumu yule mjane, kwamba kwa desturi ya Waingereza wakwe wanakaa meza moja na hakuna aibu, kwa hiyo kukaa kwake si utovu wa adabu. Mwandishi kamketisha kwa makusudi, kutuonyesha kwamba ameshaamua. Ugomvi umekwisha kabla haujaanza, na mzee wa watu hajui. Nikasema, "Mama, mwambie nimeelewa, ila kwangu bado ni aibu." Nikajua leo nimevuka mpaka. Kumbe anacheka, kicheko cha chini chini, kiti kinalia. "Mwambie hiyo aibu yake asiitupe. Aiweke aya ya mwisho, msahihishaji akiwa ameshashawishika."

Mama mkwe naye akawa na upande wake. "Mimi huyo mjane simpendi," alituambia siku moja, katikati ya uchambuzi mzito. "Mume kafa juzi tu, yeye anashona nguo nyekundu?" Mzee akamweleza kwamba rangi haikutajwa kitabuni. "Najua," akasema, "ila naiona." Habari za mjane akawa anazipeleka kwaya ya akina mama, na Jumapili wakawa wananisimamisha nje ya kanisa kuniuliza kama yule mwanamke wa Kiingereza ameolewa na jirani au bado. Nilikuwa nawaambia wasubiri.

Mwezi wa tatu mvua zikatuharibia. Mvua ya huku ikipiga bati husikii hata mtu aliye mbele yako, na mtihani ulikuwa mwezi wa tano. Mzee akawa anapaza sauti, mama mkwe anapaza sauti, mimi nimejibana chini ya upenu na kitabu kifuani, majirani wanasikia Kiingereza cha majumba makubwa kinatoka kwetu mchana kutwa. Hatukuacha hata siku moja.

Halafu tukafika kwenye lile onyesho la ugomvi. Hadi hapo mzee alikuwa amesoma maneno yote ya yule baba mkwe, mimi najibu ya mjane, na alikuwa anayasoma vizuri ajabu, kwa madaha. Tukafika pale mzee wa kitabuni anapomwambia mkamwana wake kwamba yeye si mtoto wa nyumba ile, atoke, na mlango autazame kwa mara ya mwisho. Nikasubiri. Hakusoma. Nikadhani anatafuta miwani.

"Mama," akasema baadaye, "mwambie hapa asome mwenyewe kimoyomoyo. Mimi haya sitayasema yeye akisikia."

Ni maneno ya kitabu. Ya mtu asiyekuwepo, aliyeandikwa na mtu aliyekufa zamani. Na bado hakuweza kuyatoa mdomoni, mimi nikiwa nyuma ya ukuta. Mama mkwe akainama akaanza kuokota punje za mahindi ambazo hazikuwepo. Nilijua siku ile kwamba mzee ananipenda. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi nilikuwa sijawahi kuwaza kama ni jambo la kuuliza. Nikasoma ule ukurasa kimoyomoyo, na macho yalinijaa machozi kwa sababu ambazo hazikuwa za yule mjane.

Siku ya mtihani kulikuwa na baridi, tumekaa na makoti. Nilipofunua karatasi, swali la tamthilia lilitaka tuonyeshe jinsi matendo ya jukwaani, si maneno, yanavyobeba dhamira. Notisi za mjini nilikuwa nazo kichwani, lile onyesho la kupiga meza, aya sita zilizonyooka. Ni njia salama, na wengi waliipita. Ya kwangu ilikuwa na hatari zake: mwanamke amekaa, hakuna aliyepiga kitu, wanaongea habari za mvua. Sikufikiri hata dakika moja. Nilianza na jirani, nikaja kwa mchungaji, nikaja kwa mpishi, nikahesabu mara zote alizoinuka, ndipo nikamwingiza baba mkwe mlangoni na kumwacha mjane kitini. Aibu yangu niliiweka aya ya mwisho. Nilitoka mle ndani natembea katikati ya barabara kama mtu mwenye lori.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba, shule zimefungwa, upepo na vumbi. Mume wangu, ambaye anaendesha malori ya mizigo, alikuwa njiani Zambia na simu haipatikani. Mama mkwe alikuwa Ibaba msibani, siku ya tatu. Nilikuwa nimebaki mimi na mzee tu; nilikuwa napika, naweka chakula mezani, natoka, yeye anakohoa, anaingia kula. Asubuhi ile niliketi uani na simu, mtandao unazunguka tu, unazunguka, nikaanza kuitukana kampuni nzima ya simu. Kisha namba yangu ya mtihani ikafunguka. Kiingereza, C.

Nilisoma mara tatu. C ni ufaulu kamili, chuo kinaichukua bila maneno. Nilipiga kelele, nikajiziba mdomo. Dirisha la mzee lilikuwa wazi, na nilijua yuko ndani, nilijua amesikia kelele, na hakuna mtu wa kukaa katikati. Nilisimama pale na C yangu, nimejaa, sina wa kumwambia wakati anayetakiwa kuambiwa yuko hatua kumi. Mama mkwe angerudi kesho kutwa. Mpaka kesho kutwa ningepasuka.

Kulikuwa na mbuzi amefungwa karibu na shimo la takataka. Nikamwendea.

"Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti ya kumfikia mtu wa ndani, "matokeo yametoka. Nimepata C. Naenda chuo."

Mbuzi akaendelea kutafuna maganda ya ndizi. Nikadhani mzee amelala, nikataka kurudia. Ndipo nikasikia kiti kinasogezwa, na baada ya hapo sauti ambayo miaka saba yote sikuwahi kuisikia. Mzee alikuwa analia. Si kwa kelele, analia kama mtu anayejizuia na inamshinda.

Nikasogea mpaka ukutani nikaweka kiganja juu ya tofali. Nilitaka kuingia. Nilitaka kumshika mkono, nimpigie magoti, nimwambie asante mara moja kwa mdomo wangu mwenyewe, na desturi ile niliichukia siku hiyo, sifichi. Na papo hapo nilijua kwamba nikizunguka na kuufungua ule mlango nitamvunjia kitu ambacho hata C kumi haziwezi kukilipa. Kwa hiyo nilibaki upande wangu, yeye upande wake, tukalia wote wawili, ukuta katikati.

Baadaye akapenga kamasi. Akakohoa, lakini si kile kikohozi cha kuniambia niondoke.

"Mbuzi," akasema, sauti bado inakwaruza, "mwulize mwalimu kama ameshakula."